Nyayo za Rangi ya Ng'ombe

Barua ya makao makuu ilifika Jumatatu, na kufikia Jumanne mchana nusu ya mji wa Vlasta ilikuwa imeshika ufagio. Ilisema kwamba Meja mmoja atakuja Ijumaa kulikagua Ghala la Silaha. Akiona lina kazi, litabaki. Akiona halina, litafungwa, na wanajeshi wetu wa akiba watahamishiwa jengo jipya la mabati kule Harlow, mwendo wa saa mbili kwa gari, kama hujakutana na trekta njiani.

Bibi Albina Vondracek alisomewa barua hiyo jikoni mwa Ghala, mikono yake ikiwa ndani ya unga. Alikuwa na miaka sabini na tisa, mjane, magoti mabovu, ulimi mzima. Alikanda tu, na unga ukapata kipigo ambacho haukukitendea kosa.

Aliyemsomea ni Sajini Duane Kubicek, mlinzi wa jengo. Kikosi cha malori kilipoitwa kwenda jangwani ng'ambo mwezi wa Novemba, Duane aliachwa nyuma kwa sababu ya mgongo, pamoja na wengine kumi, kila mmoja na kiungo chake kibovu. Duane alikuwa mtu mwema sana. Ugonjwa wake mwingine, ambao daktari hakuuandika, ni kwamba aliogopa fomu kama paka anavyoogopa beseni.

Sababu ya Albina kuupiga unga ilikuwa moja, na kila mtu aliijua. Mjukuu wake Tereza, koplo, dereva wa lori la magurudumu kumi, alikuwa jangwani na wenzake arobaini, na nyayo zake zilikuwa pale sakafuni zikimsubiri.

Desturi ya Vlasta ni hiyo. Siku ya kuondoka, kila mwanajeshi husimama katikati ya ukumbi wa Ghala na viatu vyake vya kazi, na mwanamke wake, awe mama, bibi, mke au dada, hupiga magoti akachora kwa chaki kuzunguka viatu hivyo, kisha akaandika jina katikati. Asiye na mwanamke huazimwa mmoja. Tangu siku hiyo hakuna anayekanyaga pale. Wacheza polka huzizunguka, wacheza mpira wa kikapu huziruka, na padre akipita kwenda kubariki chakula huinua kanzu yake. Mtu akirudi, anasimama ndani ya nyayo zake mwenyewe, na mkono ule ule uliochora unafuta kwa kitambaa kibichi. Hapo ndipo anahesabiwa amerudi. Kabla ya hapo, hata kama amekaa kwake anakunywa supu ya maini, ni mgeni tu.

Albina alikuwa na miaka kumi na mitatu alipomwona mama yake akichora viatu vya kaka yake, Ladislav. Viatu vile havikurudi. Ilipofika barua ya msiba, fundi seremala alikuja na patasi, akaifuata mistari ya chaki, akaichonga ndani ya mbao na kuijaza nta nyeusi. Ziko jozi tano za namna hiyo karibu na ukuta wa kaskazini, na watoto wa Vlasta hufundishwa kuzipita pembeni kabla hawajafundishwa kufunga kamba za viatu.

Kwa hiyo Albina alijua kwamba alama ya chaki ina njia mbili za kuondoka, kitambaa au patasi. Barua hii ilikuwa inaleta njia ya tatu: kufuli mlangoni, na Tereza kushuka kwenye basi kule Harlow, katika uwanja wa lami, akapewa mkono na mtu asiyejua jina lake.

"Wakilifunga," alimuuliza Duane hatimaye, "sakafu itakwenda wapi?"

"Sakafu haiendi popote, Mama Albina. Itauzwa pamoja na kuta."

"Kwa nani?"

Duane alisema amesikia kuna mtu anatafuta mahali pa kuhifadhi mashua. Albina akachukua kipande kingine cha unga.

Sasa lile Ghala. Waliolijenga, miaka tisini na mitano iliyopita, ni mababu wa hawa hawa, kwa matofali mekundu waliyoyachoma wenyewe kule mtoni, na kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka waliliwekea minara miwili mbele, yenye meno juu kama ngome ya mfalme. Adui pekee aliyewahi kuishambulia minara hiyo ni mvua ya mawe. Bunduki zilikuwamo, ndiyo, nyuma ya mlango wa chuma, lakini kama bunduki ndizo zingekuwa kazi yote ya jengo, lingetosha kabati.

Ulipokuja ule ugonjwa mkubwa wa mafua, vitanda sitini vilipangwa ukumbini na wanawake wakakoroga supu kwenye masufuria ya jeshi. Miaka ya vumbi, mazao yalipokufa, chakula kiligawiwa pale, na wanaume walioona haya kupanga foleni walipewa kwata ya uongo ili waonekane wamekuja mazoezini. Mto ulipofurika, ng'ombe wa maziwa kumi na wanane walilala ndani siku tatu, na mmoja akazaa. Albina mwenyewe aliolewa pale, alicheza polka pale mpaka kisigino cha kiatu kikachomoka na kumpiga mpiga kodiani, na mumewe aliagwa pale, jeneza likiwa limewekwa mbali kidogo na nyayo.

Kwa wiki ya kawaida, Ghala lilikuwa na bingo Jumatatu, mieleka ya wanafunzi Jumanne na Alhamisi, washonaji wa mablanketi ya viraka Jumatano, karamu ya samaki Ijumaa wakati wa Kwaresima, harusi Jumamosi, na Jumapili wazee waliokwenda kutafuta mahali pa kugombana. Wanajeshi walikuwa na wikendi yao moja kila mwezi, na hiyo nayo walikula chakula kilichobaki kwenye harusi. Hapakuwa na karatasi hata moja. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari dukani kwa mwoka mikate, na aliyeutaka aliuchukua.

Hapo ndipo woga wa Duane ulipoanzia. Jengo ni mali ya serikali, na sheria inataka kila kikundi cha raia kiombe ruhusa kwa fomu. Duane alikuwa na miaka kumi na sita katika kazi hiyo na hakuwahi kujaza hata moja. Aliyemtangulia naye hakujaza, wala aliyemtangulia huyo. Meja akiona bingo, ataomba fomu ya bingo.

Kwa hiyo amri ya Duane ilikuwa ya kijeshi na ya wazi: kila kisicho cha jeshi kiondoke machoni. Na watu wa Vlasta, ambao wanalipenda Ghala lao kuliko akili zao, walitii. Walibeba meza za bingo, mikeka ya mieleka, fremu za washonaji, mabirika ya kahawa ya watu mia, jukwaa la bendi, viti vya bibi arusi, vitanda vya kuchangia damu, na ngamia wa mbao wa mchezo wa Krismasi ambaye ana miguu mitatu tangu Albina alipokuwa mwari. Wakavishindilia vyote chini, katika chumba cha shabaha. Hicho ni chumba kirefu, chembamba, kilichochimbwa chini ya ukumbi ili wanajeshi wajifunze kulenga wakati wa theluji. Walisukuma mlango kwa mabega mpaka ukakubali kufunga. Kisha wakapiga deki, wakapaka nta, wakafuta madirisha, hata yale ya juu ambayo mtu akiwa chini hayaoni.

Jumatano asubuhi Duane alisimama ukumbini na ndoo, akatazama nyayo, akatazama jikoni.

"Mama Albina, hizi nazo itabidi zifutwe. Sheria inasema sakafu isiwe na maandishi."

"Zitafutwa Tereza akirudi."

"Nitazifuta kwa muda tu, mama. Meja akishaondoka, utachora tena. Zitakuwa zile zile."

Albina akatoka nje ya jiko akiifuta mikono kwenye aproni. "Duane, mwanangu, wewe ulipokuwa unazaliwa, mama yako angekuambia rudi ndani kwanza, leo nina wageni, nitakuzaa tena Alhamisi, ungekubali?"

Duane alisema hilo si jambo la mfano huo. Albina akasema basi sawa, afande ni yeye, afanye anavyoona. Akasema kwa upole kabisa. Mtu aliyemjua vizuri angeogopa upole ule, lakini Duane alifurahi, akasema ataanza kesho, maana leo anakwenda Harlow kuchukua nta nyingine ya sakafu.

Gari lake lilipopinda kona, Albina alimpigia simu shoga yake Rosalie Hruska, ambaye familia yake ndiyo inayoendesha mnada wa ng'ombe. Alimwambia alete vile vijiti vya rangi ya machungwa, vya nta, vinavyotumika kutia ng'ombe alama mgongoni.

"Vingapi?" akauliza Rosalie.

"Una vingapi?"

Vibibi viwili vyenye miaka mia na hamsini na nne kwa jumla vilitambaa juu ya sakafu ya Ghala saa nne nzima, kimoja kikifuata mstari wa kushoto na kingine wa kulia, jozi arobaini na moja. Albina alianza na za Tereza. Zilikuwa ndogo kati ya za wanaume wale wote, na kisigino cha kulia kilipinda kidogo kuelekea nje, kama alivyotembea tangu mtoto. Rosalie alilalamika kwa kila jozi. Alitaka kujua nani alimwambia kijana wa kina Novotny awe na miguu kama jahazi, na kama mwanamke aliyemzaa hakuweza kukatiza mapema.

"Hii rangi," alisema alipofika mwisho, akiwa amelala chali kwa sababu hakuweza kuinuka, "inakaa juu ya dume aliyenyeshewa mwezi mzima. Unajua lakini kwamba haitoki?"

"Ndiyo maana nimeitaka."

"Nasema haitoki, Albina. Hata wewe ukiitaka itoke."

Albina alikuwa anashika kiti ili ainuke, na neno lile lilimpita.

Alhamisi Duane alipiga deki kwa maji, chaki ikaondoka, na chini yake rangi ya machungwa ikang'aa kama imeoshwa uso. Akaleta sabuni. Akaleta mafuta ya taa. Saa sita aliingia jikoni, mikono yake ya machungwa mpaka kwenye viwiko, akakaa juu ya gunia la sukari. Albina akampa kolachi, ile mikate yetu midogo yenye jamu ya plamu katikati. Akaila na rangi yake.

"Umeniua, mama," alisema. "Na mimi nilikuwa nakuandalia jengo zuri libaki."

"Kula mwingine," alisema Albina.

Mwishowe Duane alitandaza turubai kubwa la lori juu ya nyayo zote, akalivuta pembe nne likanyooka.

Meja Satterfield alifika Ijumaa saa tatu kamili, mrefu, mwembamba, na mkoba wa fomu chini ya kwapa. Nje theluji ilikuwa inayeyuka na barabara zote zilikuwa tope, lakini ndani hapakuwa na hata alama ya kiatu. Alisimama mlangoni. Sakafu ilimrudishia sura yake. Albina alikuwa jikoni, nyuma ya lile dirisha la kupitishia sahani, amelifungua kiasi cha sikio moja.

Aliwasikia wakizunguka. Alimsikia Meja akisifu matofali, akisifu minara, akisema hajaona jengo la akiba lililotunzwa hivi katika jimbo zima. Duane alicheka kidogo kwa raha. Kisha Meja akauliza kwa wiki ni watu wangapi wanaolitumia.

"Kumi na mmoja, afande," alisema Duane.

Kalamu ikaandika. Meja akauliza kama raia nao wana matumizi yoyote, mikutano, michezo. Albina alimwona Duane kwenye ufa wa dirisha: shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu.

"Hapana, afande."

"Hata kidogo?"

"Hatuna fomu yoyote ya namna hiyo, afande." Na hilo lilikuwa kweli.

Kalamu ikaandika tena. Meja alisema ni jambo la kusikitisha. Kwa macho yake jengo halijachakaa kwa sababu halikanyagwi. Ni zuri, lakini linapashwa moto kwa ajili ya watu kumi na mmoja. Kisha akaelekeza kalamu kwenye turubai, akauliza pale pana nini.

"Sakafu inatengenezwa, afande," alisema Duane, maana mtu akishaanza uongo unamvuta kama ng'ombe mwenye kiu.

"Mbovu," alisema Meja, na akaandika.

Albina aliweka chini kitambaa cha sahani. Kwa miaka sabini na tisa alikuwa amesikia mengi yakisemwa juu ya Vlasta, kwamba ni wabishi, kwamba kodiani zao hazina funguo, kwamba hula plamu mpaka kwenye nyama. Hajawahi kusikia sakafu ile ikiitwa mbovu. Na aliona jambo ambalo mji mzima ulikuwa umelikosa kwa wiki nzima: walikuwa wamesafisha mpaka wakajifuta wenyewe.

Alijua pia bei yake. Akifungua mdomo, Duane atakamatwa na zile fomu, na Duane alikuwa kijana wa watu. Akinyamaza, Tereza atashukia kwenye lami. Alisimama hapo kwa muda wa kuchemka birika. Kisha akabeba sinia la kolachi na kahawa, akatoka.

Alimkaribisha Meja, akamwambia Duane aketi, amechoka. Akamuuliza Meja kama ameshaona chumba cha shabaha. Duane akasema kimefungwa. Albina akasema hapana, kimekwama tu, nacho ni cha zamani sana, mtu mwenye cheo hawezi kuja akaondoka bila kukiona.

"Mama Albina," alisema Duane kwa sauti ndogo.

"Kula kolachi, mwanangu."

Walishuka ngazi, Albina mbele, akishika ukuta. Alimwambia Meja mlango hufunguka kwa nje na unataka mkono wa mwanaume. Meja akavuta. Hakuna kilichotokea. Akavuta kwa mikono miwili.

Ngamia ndiye aliyetoka kwanza. Alikuja na kichwa mbele, akamshika Meja kifuani, na wote wawili wakakaa chini. Nyuma ya ngamia zilikuja meza za bingo, moja baada ya nyingine kama karata, kisha mikeka, kisha mabirika ya kahawa yakibingirika na kelele ya kuamsha mji, na mwisho fremu ya washonaji ikiwa bado na blanketi lililoshonwa nusu, ambalo lilimfunika Meja vizuri kabisa, kama limekusudiwa.

Baadaye Albina aliulizwa mara nyingi kama alijua ngamia ndiye aliyesimamishwa nyuma ya mlango. Hujibu kwamba yeye ni bibi mzee na hakumbuki mambo ya wiki ile.

"Hivi ni vya nani?" aliuliza Meja kutoka chini ya blanketi.

"Vyetu," alisema Albina, na akaketi taratibu kwenye ngazi. "Vya wale watu wasiolitumia jengo."

Akamweleza. Hakuharakisha. Alimweleza bingo na mieleka, vitanda sitini vya mafua, ng'ombe aliyezaa, na ule ufunguo kwenye msumari. Duane alisimama juu ya ngazi, mkate mkononi, mweupe kama unga wake. Meja alisikiliza akiwa amekaa pale pale sakafuni, mkono mmoja juu ya ngamia. Alipouliza fomu za ruhusa ziko wapi, Albina alisema hazipo, na kwamba kama kuna wa kufungwa, waanze na mama yake, yuko makaburini nyuma ya kanisa, safu ya tatu.

"Miaka tisini na mitano bila karatasi," alisema Meja.

"Tulikuwa na shughuli," alisema Albina.

Meja akainuka, akajifuta. Akauliza basi chini ya turubai kuna nini, sasa aambiwe ukweli. Albina alipanda ngazi taratibu, akaenda mpaka katikati ya ukumbi, akashika pembe ya turubai. Lilikuwa zito kwake. Duane alikuja, akashika pembe ya pili, na wakalivuta pamoja.

Nyayo jozi arobaini na moja zilitazama mlangoni, safu nne, za machungwa juu ya mbao za njano. Meja aliinama akasoma majina. Albina alimweleza chaki, kitambaa na patasi. Alimwonyesha ukuta wa kaskazini, zile tano, mojawapo ikiwa ya Ladislav. Kisha akamwonyesha jozi moja ndogo yenye kisigino kilichopinda.

"Huyu ni mjukuu wangu. Ananidai nimfute. Mkilifunga hili jengo, afande, nitamfutia wapi?"

Meja alizunguka nyayo zote kwa pembeni, bila mtu kumwambia azunguke. Alipofika upande wa pili alisema, kama anayezungumza na kalamu yake, kwamba yeye mwenyewe aliporudi kutoka jangwani alishushwa uwanja wa ndege usiku wa manane, mtu mmoja akampa fomu, na mpaka leo mkewe humwambia bado hajafika.

"Fomu ndiyo iliyomchelewesha," Albina alimwambia Duane.

Meja akavua kofia, akaomba meza.

Alichofanya siku hiyo kilisimuliwa mpaka Harlow. Alitoa kwenye mkoba fungu zima la fomu za ruhusa, akaketi jikoni karibu na jiko, akamwambia Duane aite kila kikundi kije kijaze sasa hivi, na yeye atasubiri. Duane alipiga simu ya kwanza kwa mwoka mikate, na simu ya pili haikuhitajika. Kufikia adhuhuri mji ulikuwa umepanga foleni kuanzia jikoni, kukatiza ukumbi, mpaka nje kwenye tope. Washonaji walikuja na sindano zao, kocha wa mieleka alikuja na wanafunzi, mpiga kodiani alikuja na kodiani kwa kuwa hakujua fomu itamuuliza nini. Padre alijaza fomu ya samaki. Wazee wa Jumapili walibishana mlangoni kama kugombana ni mkutano au mchezo, na Meja akawaandika kote kuwili.

Na kila mmoja aliingia na viatu vyake. Ile nta iliyopakwa siku nne ilizama chini ya tope la wilaya nzima. Duane alisimama katikati akitazama, machozi yanamlengalenga, huku watu wakimpongeza wakidhani ni ya furaha. Saa tisa Meja alisimama mlangoni akahesabu vichwa, akarudi, akakata ile kumi na mmoja kwa mstari mmoja. Kisanduku cha fomu kilikuwa kidogo mno kwa namba aliyoiandika, kwa hiyo alimalizia pembeni. Palipoandikwa sakafu mbovu alikata pia, akaandika chafu, inatumika.

Kwenye tope lote lile, asubuhi ya Jumamosi, Albina alikagua. Hakuna unyayo wa kigeni uliokuwa umekanyaga ndani ya mistari ya machungwa.

Barua ya pili ilikuja mwezi wa Mei, fupi: Ghala litabaki, na kila kikundi kihuishe fomu yake kila mwaka. Duane aliitundika ukutani ndani ya fremu, akaanza kulala usingizi.

Tereza alirudi Oktoba. Mabasi mawili yaliwashusha mbele ya minara, wote arobaini na mmoja, wakaingia ukumbini kwa mstari, wamekonda, wamekomaa. Wanawake walikuwa wameshapiga magoti kwenye nafasi zao. Meja Satterfield alikuwapo, na mkewe, ameketi kando na sahani ya kolachi, amevaa nguo za kiraia. Tereza alisimama ndani ya nyayo zake. Viatu vilikuwa vingine, vya jangwani, vikubwa zaidi, vikafunika mistari ya mbele.

"Miguu imekua," alisema Albina toka chini.

"Joto, bibi."

"Na kisigino bado kinapinda."

"Hicho hakikuagizwa kubadilika."

Albina akatumbukiza kitambaa kwenye ndoo, akakamua, akafuta. Akafuta tena. Akakandamiza kwa viganja viwili. Rangi ya machungwa ilimtazama ikiwa safi kabisa. Upande wa kulia na wa kushoto wanawake arobaini walikuwa wanasugua, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kugeuza vichwa kumtazama yeye. Rosalie, aliyekuwa ameazimwa kwa kijana wa kina Novotny, hakumtazama. Alikuwa anacheka, uso ndani ya aproni.

"Bibi," alisema Tereza, "mbona sijafika?"

"Subiri. Umesubiri miezi kumi na moja, utashindwa dakika tano?"

Dakika tano zilikuwa saa mbili. Mafuta ya taa yaliletwa, na sabuni ya mikono ya mafundi, na brashi za kuoshea malori. Hakuna mwanajeshi aliyethubutu kutoka kwenye nyayo zake kabla hazijafutwa, hivyo walikaa chini humo humo, wakavua viatu, wakashika brashi, wakasugua pamoja na mama zao. Mpiga kodiani alipiga ili kupunguza uchungu. Duane alipita na ndoo za maji moto, na kila alipompita Albina alikohoa.

Mwishowe Tereza aliinama, akaweka mkono wake juu ya mkono wa bibi yake, na brashi ikasimama.

"Imepungua," alisema.

"Imepungua," alikubali Albina. "Inatosha. Umefika."

Akamshika mabega, akajaribu kuinuka, na magoti yakakataa. Ilibidi Tereza amnyanyue kwa kumkumbatia, na hapo ndipo alipomkumbatia hasa.

Sakafu imepigwa msasa mara mbili tangu siku ile. Jua likiingia kwa madirisha ya magharibi, rangi ya machungwa bado inaonekana, safu nne, hafifu. Wacheza polka wapya huzizunguka bila kuambiwa.